Magwanda ya Wasichana Sita

Kila asubuhi ya msimu wa kuchuma, mama jirani aliyeitwa Shemeji Yao alisimama kwenye ukuta wa mawe uliotenganisha ua wake na ua wa Dou Mancang, mswaki mdomoni, akauliza swali lile lile.

"Mancang! Leo umekuwa nani?"

Na Mancang, mzee wa miaka sitini na moja, mfupi, masikio makubwa, kiuno kilichoanza kukataa amri, alifunga kifungo cha juu cha koti lake la mabaka na kujibu bila kucheka:

"Leo mimi Hailing."

"Basi mwambie Hailing akaze mwendo. Umande umeshakauka."

Aliyewasikia kwa mara ya kwanza angedhani wote wawili wamerukwa na akili. Hawakuwa wamerukwa na kitu. Walikuwa watu wawili waliobaki peke yao katika kitongoji kilichowahi kuwa na nyumba ishirini na tatu zenye moshi jikoni, na watu wawili wakibaki hivyo hutafuta utani mmoja wakautumia miaka tisa, kama sufuria moja inayopikiwa kila kitu.

Katika milima ile ya kusini mwa Gansu, huko Uchina, magwanda ya kijeshi si ya wanajeshi. Ni ya wachuma pilipili, ya waashi, ya wachimba mitaro na ya wapishi wa misibani. Kitambaa ni kigumu, miiba inakiheshimu kidogo, na uchafu ukitua juu yake unadhani umefika kwao. Siku ya soko, ukisimama juu ya daraja ukatazama chini, utaona mabaka ya kijani kila upande ukadhani jeshi zima limepiga kambi, kumbe ni wazee wananunua chumvi. Wanajeshi wenyewe wakija likizo huvaa suruali za jinzi.

Mancang alikuwa na mashamba ya ngazi, ukuta juu ya ukuta hadi karibu na mwamba, na juu ya kila ngazi miti ya pilipili ya ganzi. Ni miti isiyozidi kimo cha mtu sana, yenye miiba kuanzia shina hadi chini ya jani. Tunda lake ni jekundu, dogo kama punje ya mtama, na ukiliweka ulimini, ulimi unasahau kuwa ni wako. Huchumwa kwa vidole, kishada kwa kishada, jua likiwa kali, na huanikwa siku hiyo hiyo. Likinyeshewa mtini huwa jeusi na halimfai mtu. Ikifika saa sita mchana vidole vya mchumaji vimekufa ganzi. Atashika kijiko asijue kama amekishika.

Sasa, huyo Hailing.

Ndani ya kola ya koti lile kulikuwa na maandishi ya kalamu ya wino: Song Hailing, Kikosi cha Tatu. Mancang hakuwahi kumwona Song Hailing. Alijua tu kwamba ni msichana mrefu kutoka kaskazini, mwenye kukoroma, mwenye roho nzuri. Kabla ya Hailing alikuwa amevaa jina la Qiuyue, aliyeogopa panya. Kabla ya Qiuyue alivaa la Wenjing, aliyezimia juani siku ya pili ya kwata. Na kabla ya hao walikuwapo wawili wengine. Wote watano walilala chumba kimoja na binti yake, Suyun, mwaka ule alipoingia chuo kikuu huko Guangzhou.

Nchi ile ina desturi yake. Mwanafunzi mpya wa chuo hafungui kitabu kabla hajapigishwa kwata. Wiki mbili uwanjani, jua la utosi, mguu sawa, mguu pande, kila mmoja ndani ya magwanda ya mabaka aliyopewa bila kupimwa, mwembamba akaogelea ndani yake na mnene akakata pumzi. Wiki mbili zikiisha, magwanda hutupwa. Siku hiyo Suyun alikuta lundo limefika kiuno kwenye ngazi za bweni. Akakumbuka miiba na mashati ya baba yake, ambayo hayakuwahi kumaliza msimu yakiwa na mikono miwili.

"Msitupe," aliwaambia wenzake wa chumbani. "Nipeni mimi."

"Ya nini?"

"Ya baba yangu."

Wengine walicheka. Hailing hakucheka. Alilifua lake, akalikunja, akatia kipande cha sabuni ya maua mfukoni. Mancang aliitumia sabuni ile siku za sikukuu tu, ikamchukua miaka mitatu kuimaliza.

Mwaka Mpya ulipofika, Suyun alishuka kwenye gari la abiria pale darajani na mizigo miwili mikubwa iliyofungwa kwa kamba, baada ya siku moja na nusu ya treni. Mama yake alikuwa ameshafariki, mwaka wa nne huo. Ndani ya nyumba walikuwa wawili tu, baba na binti, na jiko la kuni katikati. Alifungua mizigo juu ya kitanda, akapanga magwanda sita, makoti na suruali zake.

"Baba, vaa."

"Mimi? Nitaonekana kituko."

"Vaa kwanza, kituko baadaye."

Hapa lazima niseme jambo ambalo Mancang mwenyewe hakulisema ovyo. Akiwa na miaka kumi na minane alitembea siku mbili hadi mjini kujiandikisha jeshi. Alikuwa na afya, alijua kusoma, alikuwa tayari ameshawaaga watu. Daktari akamsimamisha kwenye ubao wa kupimia kimo, akapitisha kidole juu ya kichwa chake, akasema amepungua. Amepungua kiasi gani? Upana wa kidole hicho hicho. Alirudi kwa miguu siku mbili nyingine, na tangu hapo, kwa miaka mingi, watu wa kitongoji walimwita Kidole.

Kwa hiyo alipotoka nje siku ile ndani ya magwanda, mikono imekunjwa mara mbili, Shemeji Yao alipanda ukutani mara moja.

"Hee! Kidole amechukuliwa!"

Suyun akamsimamisha baba yake katikati ya kiwanja cha kupuria nafaka, theluji ikiwa bado imejibanza pembeni, akapaza sauti kama mwalimu wake wa kwata.

"Mguu sawa! Kulia geuka!"

Mancang akageuka kushoto.

"Kulia, Baba! Huu ni mkono upi?"

"Huu ndio niliokulishia uji."

"Haya, huo huo. Kulia geuka! Nyuma geuka! Mbele tembea!"

Shemeji Yao alicheka hadi akashuka ukutani kwa kuogopa kuanguka. Mwishoni Suyun alikaza uso, akainua mkono hadi kwenye paji, akampigia baba yake saluti. "Dou Mancang," alisema, "umepokelewa." Mancang alicheka na wenzake, kisha akasema anakwenda kumtazama nguruwe. Alikaa nyuma ya banda la nguruwe muda mrefu kuliko nguruwe alivyohitaji. Alikuwa analia, na hakutaka mtu amwone akilia kwa furaha, maana kwao hiyo ni anasa.

Jioni ile Suyun alitenga koti moja na suruali yake, lile lililoandikwa jina lake mwenyewe kolani.

"Haya matano vaa upendavyo. Hili langu usiliguse. Msimu wa kuchuma nitakuja tuchume wote. Tutakuwa kikosi."

"Kikosi ni watu wangapi?"

"Wawili wanatosha."

Mancang aliliweka kwenye sanduku la mbao ambalo marehemu mkewe aliingia nalo siku ya harusi. Juu yake alimwaga konzi ya pilipili kavu, nondo wasisogee.

Msimu wa kwanza Suyun alipata watoto wa kufundisha hesabu huko mjini. Wa pili alikuwa na mafunzo ya kazi. Wa tatu alikuwa na mtihani, wa nne ameajiriwa na hana likizo, wa tano mwenzake ofisini alijifungua na kazi zote mbili zikamwangukia yeye. Kila mwaka sababu ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililouma zaidi. Mtu akikudanganya una wa kumkasirikia. Akikwambia ukweli, utamkasirikia nani?

Alikuwa akija majira ya baridi tu, kwa Mwaka Mpya, siku nne, miti ikiwa miiba mitupu. Kisha miaka miwili ya mwisho hata hizo siku nne hazikupatikana. Na kila mwezi wa sita, kabla ya kuchuma kuanza, Mancang alitoa koti la sita sandukuni, akalianika juani asubuhi moja, akalirudisha, akabadilisha pilipili. Shemeji Yao alimwona na hakumtania. Utani pia una mipaka yake.

Mlima wenyewe ulikuwa umenyamaza. Zamani wachumaji walikuwa na mwito wao. Ndani ya miti, na mabaka yale ya kijani mwilini, mtu hamwoni mwenzake aliye hatua kumi. Kwa hiyo kila baada ya muda mmoja aliita, "Ooo-yee!" na kila aliye juu ya mlima alilazimika kuitika, hata kama mdomo una chakula. Asiyeitika ameanguka ukutani, watu wakimbie. Enzi za ujana wa Mancang, mtu akiita alijibiwa na sauti arobaini, tangu mtoni hadi mwambani. Sasa Mancang aliita na ngazi mbili chini Shemeji Yao aliitika, basi. Saa nyingine mama huyo alikuwa ameshuka kugeuza pilipili zake juani, na Mancang aliita akasikiliza. Alipenda kujiambia kuwa anajaribu koo tu.

Msimu huu ninaousimulia, Hailing alikufa. Ndivyo Shemeji Yao alivyosema. Mancang aliteleza ukingoni mwa ngazi, tawi likamdaka kolani, koti likapasuka toka shingoni hadi kiunoni. Lilikuwa limeshonwa mgongo huo huo mara mbili. Shemeji Yao alilinyoosha magotini, akapitisha sindano, uzi ukatoka na kitambaa.

"Msiba huu hauna dawa," alisema. "Umemvaa mtoto wa watu mpaka amekwisha."

Jioni hiyo ilikuwa Jumapili. Suyun alipiga simu kila Jumapili, na uso wake ukatokea kwenye kioo, umepauka kwa taa za ofisini.

"Baba, umekula?"

"Nimekula. Wewe umekula?"

"Nimekula."

Hakuna aliyekuwa amekula. Jikoni kwa Mancang tambi zilikuwa bado unga.

"Mvua?"

"Bado."

"Kiuno?"

"Kipo."

Wakatazamana. Mazungumzo yao yalikuwa mazuri kwa dakika mbili, halafu yakawa kama watu wawili wanaosubiri basi. Mancang, kwa kutafuta la kusema, akasema lililokuwa karibu.

"Ile ya Hailing imepasuka."

"Ya Hailing?" Suyun akacheka. "Baba, Hailing ana watoto wawili sasa. Ulikuwa bado unavaa nguo yake?"

"Mgongo wote. Haishoneki tena."

"Kwa hiyo zimebaki ngapi?"

"Moja."

"Ya nani?"

"Ya mwenyewe," Mancang alisema.

Suyun hakucheka tena. Alitazama pembeni, kisha akatazama meza yake. Nyuma yake mtu aliita jina lake, akaita tena.

"Naitwa, Baba," alisema, na kioo kikawa cheusi.

Wiki ile Mancang alichuma akiwa amevaa shati. Shati la pamba, la mistari, lililokuwa zuri siku ya Jumatatu. Kufikia Alhamisi mikono yake ilikuwa na michirizi kama daftari la mtoto, na mwiba mmoja ulivunjikia begani ukaanza kutunga usaha. Shemeji Yao aliutoa kwa sindano aliyoipitisha kwenye moto, na kwa kuwa bega lilikuwa mikononi mwake na mwenyewe hawezi kukimbia, akasema lililokuwa moyoni.

"Ndani ya sanduku mna koti zima. Unamwekea nani?"

"Lina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko Guangzhou chini ya kiyoyozi. Guangzhou kuna miiba?"

Mancang aliinamisha macho chini.

"Nitazame miguuni," alisema Shemeji Yao. "Viatu hivi ni vya nani?"

Vilikuwa viatu vya michezo vya kiume, vikubwa, vimechomekwa matambara kwenye vidole. Mwana wa pekee wa Shemeji Yao, mwenye viatu hivyo, alikuwa mbali huko Xinjiang, na kitongojini hakuwa amekanyaga kwa muda mrefu.

"Mwaka wa tano navivaa. Siku ya kwanza inauma. Siku ya pili ni viatu tu." Akafuta bega kwa kitambaa chenye pombe kali, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Tulia, mtu mzima wewe."

Jumapili ikafika. Mancang alikaa uani na simu juu ya goti tangu jua likiwa mlimani hadi lilipozama, chaji imejaa, sauti imefunguliwa yote. Haikulia. Badala yake kililia kipaza sauti cha kijiji kutoka bonde la chini: mvua inakuja Jumanne, kubwa, mwenye pilipili mtini aziteremshe. Mancang alikuwa na miti arobaini haijaguswa, yote kwenye ngazi za juu, penye miiba mibaya zaidi.

Hakuwa mtu wa kinyongo. Lakini usiku ule alilala akijua jambo moja ambalo kwa miaka tisa alikuwa amekataa kulijua, na akalijua bila hasira, jinsi mtu anavyojua kuwa meno hayataota tena. Mtoto hatakuja kuchuma. Hakuwa amekosea kutokuja. Ni kwamba hatakuja tu.

Jumatatu asubuhi alifungua sanduku, akakung'uta pilipili, akavaa.

Ukutani Shemeji Yao aliuliza kwa mazoea, hata kabla hajatazama. "Mancang! Leo umekuwa..." Kisha akatazama. Koti lilikuwa jipya, mabaka yake yanang'aa, mistari ya kukunjwa bado imesimama. Mancang alifunga kifungo cha juu na hakusema yeye ni nani. Shemeji Yao alitoa mswaki mdomoni.

"Haya," alisema taratibu. "Umande umekauka. Twende."

Alichuma vizuri siku hiyo, lazima tumpe haki yake. Kitambaa kilikuwa kigumu na miiba iligonga ikarudi. Kikapu cha kwanza kilijaa kabla ya saa nne, cha pili kabla ya saa sita. Ila kila alipoinama, kola ilimgusa shingoni palepale palipoandikwa jina, na alilisikia jina lile kwenye ngozi, ingawa najua wino hausikiki. Kufikia mchana mkono wa kulia wa koti ulikuwa umechanwa uzi mrefu, na kwapani pameloa jasho. Lilikuwa limeshakuwa koti la kazi. Alijiambia kesho litakuwa koti tu.

Jua lilipokuwa la utosi, Shemeji Yao aliteremka kugeuza pilipili zake kiwanjani. Mancang akabaki peke yake na nyenje.

Hapo ndipo aliposikia.

"Baba!"

Hakugeuka. Juu ya mlima ule hakukuwa na mtu wa kusema neno hilo. Watoto wote walikuwa wameondoka, na neno lenyewe liliondoka nao. Alidhani ni masikio, maana kwa umri wake masikio huanza kujitungia.

"Baba! Uko wapi?"

Akachungulia kati ya matawi. Chini, kwenye njia ya mawe, ngazi tatu tu kutoka alipo, alisimama mwanamke mwenye nywele fupi, blauzi nyeupe ya ofisini na viatu vyeupe vilivyokwisha kuwa vya udongo. Kiunoni alikuwa amefunga kikapu cha marehemu mama yake. Uso ulikuwa umechoka kama wa mtu aliyetoka kwenye treni ya siku moja na nusu, inayopita kwenye mahandaki ambamo simu haishiki.

Mancang alifungua mdomo aitike. Ndipo Suyun akaweka mikono mdomoni na kupaza sauti:

"Baba! Nguo yangu iko wapi? Nimefungua sanduku nimekuta pilipili tupu!"

Mdomo wa Mancang ukafunga.

Angemwambia nini? Alikuwa ameitunza miaka tisa. Aliianika mara tisa, akaikunja mara tisa, akailinda na nondo na panya na maneno ya jirani, na siku moja tu aliyokata tamaa, asubuhi moja tu, ndiyo aliyoichagua mwenye nguo kurudi. Naye alikuwa ameivaa. Ilikuwa mwilini mwake, imechanika mkono, inanuka kwapa lake. Aibu ilimpanda hadi kwenye nywele. Alitamani ardhi imfunike, na ardhi ilikuwa kama imemfunika tayari, maana Suyun aliinua macho akamtazama usoni kabisa, na hakumwona. Aliona miti. Mabaka yalifanya kazi yake.

Akakaa kimya. Na nikisema ukweli wote, haikuwa aibu peke yake. Alitaka pia kuitwa tena. Mara moja zaidi, halafu ataitika.

Suyun alivuta pumzi, akaita mwito ule wa zamani, aliofundishwa angali amebebwa mgongoni na mama yake.

"Ooo-yee!"

Mlima ukanyamaza. Wakubwa walisema kataa neno usikatae wito, na Mancang alikuwa anaukataa wito wa mwanawe mwenyewe, amesimama ndani ya nguo yake.

"Ooo-yee! Baba?"

Sauti ilikuwa imebadilika. Mtoto wa mlima ule anajua maana ya mwito usioitikiwa. Alianza kukimbia, si kupanda bali pembeni, kuelekea ukingo ambako ukuta ni mrefu na watu huanguka. Miiba ilimdaka blauzi, akajinasua, akadakwa tena.

"Baba! Umeanguka? Baba! Sema neno basi!"

Mancang alijaribu. Koo lilikuwa limekauka kwa mambo mengi mno, likatoa hewa. Akashika vifungo. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa pilipili za asubuhi nzima, havikujua kifungo ni kipi na tundu ni lipi. Alifungua cha kwanza kwa kukitazama. Cha pili kwa kukivuta. Cha tatu kikakatika kikaanguka kati ya mawe. "Ngoja," aliviambia vidole, "ngoja, ngoja." Akajitoa mkono mmoja, akajitoa wa pili, akasimama wima juu ya ukingo wa ngazi akiwa na fulana yake nyeupe, mzee mfupi, mbavu zinahesabika, na katika kijani chote kile hakukuwa na kitu cheupe kingine isipokuwa blauzi ya binti yake.

Suyun aligeuka. Alisimama, mkono kifuani, anahema.

"Nimekuona!" alipiga kelele, nusu analia, nusu anagomba. "Nimekuona, Baba! Baki hapo hapo! Usiende popote!"

Mancang alikuwa ameshika koti kwa kola, amelifungua wazi mbele yake, vile mtu anavyomshikia mtoto aingize mikono.

"Niende wapi mimi?" alisema.